Kisima, Choo na Mfereji wa Barghash

Mwaka 1876 kampuni ya Macmillan ya London ilitoa kitabu cha daktari mmoja wa Kiskoti, James Christie, kiitwacho Cholera Epidemics in East Africa. Kina ramani, kina njia za misafara, na kina vifo vingi kuliko riwaya nyingi za vita. Wanahistoria hukitaja kwenye tanbihi zao kisha wakapita. Wasomaji wa fasihi hawakigusi kabisa, na mimi naona ni hasara, maana kupitia kitabu hiki unauona mji wa Zanzibar wa miaka ya 1860 kwa jicho la mtu aliyeingia majumbani kutibu: watu wanalala wapi, wanajisaidia wapi, wanakunywa maji gani. Hilo la maji ndilo ninalotaka tukae nalo hapa.

Christie alifika Zanzibar katikati ya miaka ya 1860, akafanya kazi na wamisionari wa UMCA, baadaye akawa tabibu wa Sultani. Alikuwa mtu wa kuuliza maswali. Ni yeye huyohuyo aliyeandika juu ya homa iliyopita kisiwani mwanzoni mwa miaka ya 1870, ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo, na maandishi yake ndiyo yaliyowafanya baadhi ya watu wa tiba waamini kwamba neno dengue, linalotumika dunia nzima leo, lina asili ya Kiswahili. Wapo wanaobisha. Sisi wenyewe tumelirudisha nyumbani na kuliita kidingapopo, popo akaingia humo bila kualikwa.

Lakini kazi kubwa ya Christie ni kipindupindu. Jina hilo tu linatosha kukuambia ugonjwa wenyewe ulivyo: mtu anapinduka, mwili unajikunja kwa misuli kukaza, maji yanamtoka juu na chini, na asubuhi aliyekuwa mzima jioni anazikwa. Christie alihesabu mawimbi manne yaliyopiga pwani yetu katika karne yake: 1821, 1836 hadi 1837, 1858 hadi 1859, na lile aliloliona kwa macho yake, 1869 hadi 1870. Kwa lile la tatu tunaye shahidi mwingine. Richard Burton, aliporudi kutoka Tanganyika, alishuka na Speke hadi Kilwa mwanzoni mwa 1859 akakuta mji umegeuka makaburi, na hata makaburi yenyewe hayakutosha.

Wimbi la nne lilimsumbua Christie kwa sababu halikuja na jahazi kama ilivyotarajiwa. Akaanza kuwahoji watu wa misafara, wale waliokuwa wakienda bara kutafuta pembe za ndovu, na kwa kuunganisha habari zao akachora njia: ugonjwa uliolipuka Makka wakati wa hija ya mwaka 1865, ukashuka upande wa Bahari ya Shamu na Uhabeshi, ukapita nchi za wafugaji, ukafika Umasaini, ukatokeza Pangani, na kutoka hapo, kwa safari fupi tu ya baharini, ukaingia Unguja mwishoni mwa 1869. Unaposoma sura hizo unajisahau kidogo ukadhani ni hadithi ya upelelezi. Na kumbuka alikuwa akifanya hivi kabla Robert Koch hajawaonyesha madaktari wa dunia kijidudu chenyewe, Misri na Kalkuta, mwaka 1883 na 1884. John Snow alikuwa ameshasema London kwamba tatizo ni maji, lakini madaktari wengi bado waliamini harufu mbaya ndiyo inayoua.

Kama harufu ndiyo inaua, basi Zanzibar ilikuwa na haki ya kufa. David Livingstone alipopita mwaka 1866 uvundo wa ufukwe ulimkera hadi akalichezea jina la mji, akatoa sehemu ya mwanzo na kuweka neno la Kiingereza la kunuka. Utani huo unanukuliwa mno na waandishi wa vitabu vya watalii, nami sioni kwamba unachekesha sana ukijua ulikuwa unatokana na nini. Taka zote za mji zilimwagwa pwani zingoje maji yajae yazichukue. Na wageni kadhaa wa miaka ile, Burton mmoja wao, waliandika kuhusu maiti za watumwa zilizotupwa ufukweni, watu waliokufa majahazini au waliokuwa dhaifu kiasi kwamba mfanyabiashara hakuona faida ya kuwalipia ushuru wala sanda. Kwa hiyo harufu ile aliyoilalamikia Livingstone ilikuwa, kwa sehemu, harufu ya biashara.

Sasa tushuke chini ya ardhi.

Mji Mkongwe umekaa juu ya rasi ndogo ya matumbawe na mchanga. Wakati ule ulikuwa karibu kisiwa, kwa sababu upande wa mashariki hori la bahari liliukata, likijaa na kupwa mara mbili kwa siku. Matumbawe ni jiwe lenye matundu kama sponji. Mvua ikinyesha, maji hayatiririki juu, yanazama. Yakishazama hayaendi mbali, yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini yake, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Kwa hiyo ukichimba kisima mjini hutafuti mto wa chini kwa chini. Unachota kutoka utando wa maji matamu uliokaa juu ya bahari. Ukichota kwa upole unapata maji ya kuoshea, yenye chumvichumvi. Ukichota kwa pupa, bahari inapanda.

Na nyumba za mawe za Zanzibar, hizi tunazozipiga picha milango yake, zilikuwa na choo cha shimo ndani ya nyumba, shimo lililochimbwa kwenye matumbawe yaleyale. Hapo ndipo penye kiini cha mambo yote. Kisima kimechimbwa hapa, choo kimechimbwa pale, katikati kuna ukuta wa jiwe lenye matundu. Jirani yako anafanya vivyo hivyo upande wa pili. Mji unavyozidi kunenepa kwa karafuu, pembe na watu wa kuuzwa, ndivyo mashimo ya aina zote mbili yalivyozidi kusogeleana. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mwenye nyumba alifanya jambo la busara kwa nyumba yake.

Watu wa mjini hawakuwa wajinga wa maji. Walijua kisima kipi ni cha kunywa na kipi ni cha kutawadhia. Mwenye uwezo alinywa maji yaliyoletwa kutoka visima na vijito vya nje ya mji, na aliyeyabeba alikuwa mtumwa au kibarua, mtungi kichwani. Meli za kigeni zilijaza mapipa yao Mtoni, kaskazini mwa mji. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa kwenye jumba la Mtoni mwaka 1844 na ambaye ulimwengu unamjua kama Emily Ruete, ameuelezea mto ule katika kumbukumbu zake zilizotoka Berlin mwaka 1886: jinsi ulivyopita ndani ya eneo la jumba na kulisha mabirika kabla ya kuingia baharini, na jinsi maisha ya nyumba ile kubwa yalivyozunguka mabirika na hamamu. Ukisoma kumbukumbu zake sambamba na kitabu cha Christie unapata miji miwili iliyotengana kwa mwendo mfupi wa punda. Mmoja unaoga maji yanayopita. Mwingine unakunywa maji yaliyosimama.

Wimbi la 1869 liliua maelfu. Mzigo mzito ulianguka kwa watumwa na maskini, watu ambao hesabu ya vifo vyao haikuandikwa na mtu yeyote, kwa hiyo kila namba unayoisoma juu ya msiba ule ni makadirio ya mgeni. Nimeamua kutozirudia hapa.

Ugonjwa ukapungua katika mwaka 1870. Oktoba mwaka huohuo Sultani Majid akafariki, na mdogo wake, Barghash bin Said, akakalia kiti.

Barghash ni mtu wa kuandikiwa riwaya, na ningependa kuisoma ikiandikwa kwa Kiswahili. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua Majid. Salme, dada yake, akiwa msichana wa miaka kumi na mitano, ndiye aliyekuwa karani wa njama ile kwa sababu alijifunza kuandika kwa siri. Njama ikashindwa, Waingereza wakaingilia, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Vitabu vya historia hupita hapo haraka, vinasema alikaa India akarudi. Lakini tazama tarehe. Bombay nayo ulikuwa mji wa visima na matangi machafu uliokuwa ukihangaishwa na ukame na kipindupindu. Mwaka 1856 ulianza ujenzi wa bwawa la Vihar, nje ya mji, na mwaka 1860 maji ya Vihar yakaanza kuingia mjini kwa mabomba ya chuma, mradi wa kwanza wa aina hiyo kwa Bombay. Mwanamfalme wa Zanzibar, kijana, hana kazi, hana nchi, alikuwa hapohapo mji ulipobadilisha maji yake. Sina barua yake inayosema alisimama akatazama. Ila huwezi kuishi kwenye mji unaofunguliwa maji ya bomba kwa mara ya kwanza usione.

Alipoanza kutawala, misiba haikumpa nafasi. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuzamisha meli zake. Juni 1873, manowari za Uingereza zikiwa tayari kumfungia bandari, akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Mwaka 1875 alialikwa Uingereza akamwona Malkia Victoria, wakati ambapo London ilikuwa inamalizia ile kazi kubwa ya mifereji ya majitaka iliyoanza baada ya Thames kunuka hadi wabunge wakashindwa kukaa bungeni mwaka 1858. Safari ile iliandikiwa kitabu kwa Kiarabu.

Ndipo akaleta maji. Mfereji ulijengwa kutoka chemchemi za Bububu, kaskazini mwa mji, maji yakashuka kwa mteremko wenyewe hadi mjini, bila injini, na watu wakachota bure. Watu wanaosifia majumba yake, Beit al-Ajaib ya mwaka 1883, Maruhubi aliyoijengea masuria wake na ambayo iliungua mwaka 1899, hamamu ya Hamamni iliyoipa jina mtaa mzima, husahau kwamba yote yalisimama juu ya kitu kimoja: maji yaliyofika. Unguja mpaka leo ukisema mfereji mtu anaelewa bomba la kufungulia maji, wakati Dar es Salaam mfereji ni mtaro. Napenda kufikiri kwamba neno hilo lilibaki nyuma kutoka enzi ile, ingawa huo ni utashi wangu tu.

Jina la Bububu nalo lina kisa. Watakuambia ni mlio wa treni, ile reli ndogo ya Wamarekani iliyofunguliwa mwaka 1905 kutoka mjini kwenda huko. Hadithi tamu, lakini Salme anaitaja Bububu katika maisha yake ya kabla ya kuondoka kisiwani mwaka 1866, alipokuwa na nyumba huko, karibu miaka arobaini kabla ya treni. Kama jina ni mlio, basi mimi nakaa upande wa wanaosema ni mlio wa maji.

Mwanahistoria akifika hapa hupiga makofi na kufunga sura, na Barghash anastahili makofi. Ila mfereji wake ulikuwa nusu ya kazi. Aliingiza maji safi mjini, hakutoa machafu. Choo kilibaki shimoni, ndani ya matumbawe, na sasa mji uliokuwa ukichota kwa ndoo ulikuwa na maji mengi zaidi ya kumwaga. London ilikuwa imejifunza jambo hili kwa gharama: mabomba ya maji yalipoongezeka, vyoo vya kuvuta vikaongezeka, uchafu wote ukaingia mtoni, na ndipo uvundo wa 1858 ulipotokea. Kwetu uchafu ulikuwa na mahali pa kwenda, nako ni kwenye lile hori.

Hori lile ni mhusika anayestahili sura yake. Upande mmoja nyumba za mawe, upande wa pili vibanda vya udongo na makuti vya watumwa walioachwa huru, vibarua, wahamiaji kutoka bara na Ngazija. Maji yakijaa kulikuwa na bahari. Yakipwa kulikuwa na tope na kila kilichotupwa na pande zote mbili. Serikali ya kikoloni ilianza kulifukia katika muongo wa 1910 na ikachukua miongo kulimaliza. Sasa ni barabara na soko. Majina tu ndiyo yamebaki kama mashahidi: Darajani, na daraja hakuna, Ng'ambo, na hakuna maji ya kuvuka. Kufukia hori kuliondoa harufu. Ila wakazi wa Ng'ambo, ambao kufikia karne ya 20 ndio waliokuwa wengi, waliendelea kuishi kwenye ardhi ya chini, mvua za masika zikituama, kisima na choo vikigawana ua mmoja.

Ng'ambo ndiyo Zanzibar ya kweli kwa hesabu ya vichwa, na ndiyo isiyoonekana katika vitabu vingi kuhusu Zanzibar. Hata waandishi wetu wazuri wakiandika mji, wanaandika vichochoro vya Shangani na Malindi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 maji yaliendelea kuwa bure. Jambo hili lina uzito wake kisiasa na nadhani tusilicheke. Kwa Mzanzibari wa kawaida maji ya bure yalikuwa haki iliyovuka tawala, sultani kaleta, mapinduzi yakalinda. Sheria ya maji ya mwaka 2006 ilipounda mamlaka ya maji, ZAWA, na malipo yakaanza kuzungumzwa, manung'uniko hayakuwa ubahili. Watu walikuwa wanauliza swali la haki: nilipie maji yanayotoka usiku wa manane siku mbili kwa wiki?

Kipindupindu nacho hakikuondoka kwenye hadithi. Wimbi la saba la dunia, lililoanzia Indonesia mwaka 1961, lilifika Zanzibar mwaka 1978, na tangu mwanzo wa karne hii milipuko imekuwa ikijirudia, mara nyingi ikifuata mvua. Mwaka 2009 Unguja na Pemba zilikuwa sehemu ya majaribio makubwa ya chanjo ya kunywa. Watu karibu 24,000 walipata dozi zote mbili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba hata wasiochanjwa, kama majirani zao wengi walichanja, walipata ahueni. Habari njema kabisa. Lakini mlipuko ulioanza Tanzania Agosti 2015 ulivuka bahari na kuua tena visiwani. Chanjo inamkinga mtu. Kisima kinabaki vilevile.

Nikitaka kumweleza mtu kwa nini mambo haya ya karne ya 19 ni ya leo, humkumbusha mwaka 2008. Mei ile umeme kutoka bara ulikatika na Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii kwa miezi mitatu. Magazeti yaliandika giza, hoteli, jenereta. Kilichowatesa watu zaidi majumbani ni maji. Maana kisiwa kilikuwa kimeshahama kutoka kwenye mteremko wa Barghash kwenda kwenye pampu: visima virefu, mapango yenye maji, vyote vinavutwa kwa umeme. Umeme ukiondoka, mji wa leo hauna hata kile alichokuwa nacho mtu wa mwaka 1885. Watu walirudi kwenye visima vya ua, vilevile vya chumvichumvi, foleni za ndoo na madumu, na kina mama na watoto ndio waliosimama. Na maji yanayohifadhiwa wiki nzima kwenye madumu na mapipa ndani ya nyumba ndiyo mazalia anayoyapenda mbu wa kidingapopo, kwa hiyo hata ule ugonjwa wa pili wa Christie una mkono humu.

Kwa upande wa hoteli nitasema machache, kwa kuwa mengi yameshasemwa. Taarifa ya shirika la Tourism Concern ya mwaka 2012 ilikadiria mkazi wa vijiji vya kitalii alitumia lita 93 kwa siku, wakati chumba kimoja cha nyumba ya wageni kilitumia 686 na chumba cha hoteli ya nyota tano 3,195. Pwani ya mashariki ni jiwe tupu, utando wake wa maji matamu ni mwembamba kuliko wa mjini, na kijiji na hoteli vinachota kwenye utando mmoja.

Mimi kinachonitia wasiwasi zaidi ni Bububu.

Mvua nyingi ya Unguja huangukia upande wa magharibi na katikati, kwenye miinuko ya udongo. Hapo maji huzama taratibu, yakichujwa, kisha hutokeza chini ya miteremko kama chemchemi: Bububu, Mwanyanya, Mtoni. Mito mingine, kama Mwera, huenda kidogo kisha ikamezwa na ardhi na kuendelea safari yake mapangoni. Barghash alipochagua Bububu alichagua mahali palipokuwa juu ya mji kwa maana zote mbili, kwenye mteremko na nje ya uchafu wake. Juu ya chemchemi palikuwa na mashamba. Mashamba yale yalikuwa ya mikarafuu na minazi yaliyolimwa na watumwa, si msitu wa peponi, lakini kwa maji yalikuwa na sifa moja, watu walikuwa wachache na mashimo yao yalikuwa mbalimbali. Mpango wote wa maji ya Zanzibar, kwa karibu miaka 150, umesimama juu ya sifa hiyo ambayo hakuna mtu aliyeiandika mahali popote kama sharti.

Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu karibu 594,000 kwenye sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ilihesabu karibu 893,000. Watu laki tatu kwa miaka kumi hawakuingia Mji Mkongwe. Humo hamna nafasi. Wamekwenda juu, wamefuata barabara ya Bububu, Mwanyanya, Dole, Kianga, wamenunua viwanja ambavyo jana vilikuwa mashamba, na baadhi yake ni maeneo ya vyanzo ambayo kwa karatasi yamehifadhiwa. Ukimwuliza aliyejenga huko atakuambia alikuta wenzake. Na ni kweli alikuta wenzake. Amenunua kwa pesa zake, mara nyingi kwa shahidi wa sheha, na familia yake inahitaji pa kulala. Sioni namna ya kumfanya huyu kuwa mhalifu wa hadithi.

Serikali imejibu kwa kuchimba na kutandika mabomba. Mwaka 2016 Zanzibar ilipata kutoka Exim Bank ya India mkopo wa zaidi ya dola milioni 92 kwa ajili ya maji ya mjini: visima vipya, matangi, mabomba ya kuchukua nafasi ya yale yaliyooza. Nilipoisoma habari ile nilicheka peke yangu, nikamkumbuka kijana aliyehamishiwa Bombay mwaka mmoja kabla ya Vihar kufunguliwa. Mabomba hayo mapya yanahitajika, hilo sibishi. Ila ukiorodhesha kilichojengwa, kingi ni cha kuingiza maji. Mtandao wa majitaka bado ni wa sehemu ndogo ya mji, Mji Mkongwe na mitaa ya karibu, na kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kuyapeleka baharini. Kwingine kote ni karo. Nyumba mpya ya Dole au Mwanyanya haianzi na msingi. Inaanza na shimo la karo, kwa kuwa mafundi wakija watahitaji pa kujisaidia, na mwenye nyumba akiwa na pesa, anamwita mtu wa mashine amchimbie na kisima, asisubiri maji ya ZAWA. Kiwanja cha kawaida kina hatua ishirini kwenda, ishirini kurudi. Fundi anapima kwa macho, anaweka kimoja mbele ya nyumba na kingine nyuma.